Maharusi Katika Televisheni ya Wageni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mtasoma huku kidole kinataka kukimbilia kwengine. Kizuieni. Mimi sikusoma sana. Nilipata chuo cha Kurani na skuli kidogo, nikaolewa, basi. Lakini jambo hili nililiona kwa macho yangu mawili, asubuhi, nimesimama, shuka mkononi. Msije mkasema bibi alikuwa anaota. Nilikuwa macho, ingawa kila nikikumbuka naona kama kitu kilichopita usingizini.

Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, ile ya kuta nene za mawe na chokaa, ambayo ndani yake saa hazijulikani vizuri. Jua huingia kwa juu, kwenye uwazi wa ua, likateremka kama mtu mzito anayeshuka ngazi, na likifika chini limeshachoka, limekuwa rangi ya maziwa. Chokaa hupukutika yenyewe, kidogo kidogo, hata pasipo upepo. Unafagia asubuhi, adhuhuri sakafu imekuwa nyeupe tena, kama nyumba inajipaka poda.

Juu, mwanangu kafanya vyumba vya wageni. Chini, ukishapita ukumbi, mkewe kafungua studio ya maharusi. Si studio ya kila mtu, ni ya wanawake tu. Bibi harusi akishasingwa mwili kwa liwa ya kunukia, akishapakwa maua ya hina na piko nyeusi, akishafukizwa udi mpaka nguo zinapumua, huletwa pale apigwe picha nywele chini, mabega wazi, miguu nje, vile alivyo. Picha hizo ni za mumewe, na mama yake, na mashoga zake. Mwanamume mwengine hana haki hata ya kivuli chake.

Kazi yangu mimi ilikuwa kapu. Nilikaa mlangoni na kapu la ukindu, na kila aingiaye anaweka simu yake ndani. Simu zilivuliwa kama viatu. Anayekataa haingii, awe shangazi, awe somo anayemfunda, awe mama wa bibi harusi mwenyewe. Wengine walininunia. Mmoja aliniambia, "Bi mkubwa, wewe ungekuwa askari wa forodhani meli zingerudi zilikotoka." Nikamwambia, "Zirudi. Simu kapuni."

Na mkaza mwanangu alikuwa na ahadi yake, akimpa kila mama kabla binti hajafunua buibui: "Hapana mwanamume atakayegusa mashine yenye picha zenu." Na kweli hakugusa. Mashine ikikohoa, tuliiacha ikohoe. Ikichelewa kuamka, tuliingoja kama anavyongojwa mgonjwa. Mafundi wa kompyuta tuliowajua wote walikuwa wanaume, na mwanamume mlango ule hakuuvuka. Tukajiona tumeshika stara kwa mikono miwili.

Asubuhi yenyewe, wageni wa chumba cha juu walikuwa wameondoka na boti. Walikuwa vijana wa kiume watupu, waliokuja kupiga mbizi. Niliacha kapu, nikapanda kubadilisha mashuka, maana mimi kukaa bure siwezi. Madirisha yalikuwa wazi, mapazia yanavuta pumzi na kuiachia. Nikasema niwashe televisheni nipate Kurani ya kufanyia kazi. Televisheni zile za siku hizi si za waya mmoja, zinashika mtandao wa nyumba, na rimoti yake ina vifungo kama mbegu za tikiti. Nikabonyeza, ikanipeleka nisipokwenda. Nikabonyeza tena. Vikatokea visanduku, kimoja kina jina la studio yetu. Nikasema, hee, mkaza mwanangu kajitangaza mpaka huku? Nikabonyeza na hapo.

Akatokea bibi harusi.

Alijaza kioo kizima, ukutani, mkubwa kuliko alivyoumbwa. Alikuwa yule binti wa Matemwe, ambaye harusi yake hata udi haujatoka kwenye mapazia. Kakaa kwenye kiti chetu cha kamba, piko imempanda mpaka gotini kama mti unaochipua, kainamisha uso na kucheka kidogo. Kisha akafifia polepole, kama pumzi kwenye kioo, na ndani ya kufifia kwake akaja mwengine. Naye akafifia, akaja mwengine. Sikubonyeza kitu. Walikuja wenyewe, kimya, mmoja nyuma ya mwengine, maharusi wa miaka yote: wa Darajani, wa mtaa wa nyuma, ambao sasa wana watoto wanaokuja kwangu kuomba visheti. Nikaona mabega niliyoyapaka liwa mimi mwenyewe. Nikaona mmoja ambaye ni marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikufa na uzazi, na pale alikuwa mzima kabisa, ananitazama, asumini kichwani mbichi. Nilimtikisia kichwa, kama mtu anavyomwitikia aliyemsalimu barazani. Chokaa ilikuwa inaanguka taratibu mbele ya mwanga wa kile kioo, na wao wanapita nyuma yake.

Sijui nilisimama muda gani. Kisha jicho langu likaangukia kitanda, mto umebonyea pale kichwa cha mgeni kilipolala, na kitanda kimeelekea pale pale ukutani. Ndipo nilipojua nipo wapi.

Nikamwita mkaza mwanangu kwa sauti ya ngazini.

"Naam, mama!"

"Panda."

"Nna mteja, mama, nam—"

"Panda, nimesema."

Alipanda na brashi ya wanja mkononi. Alipoona, akakaa juu ya godoro tupu.

"Mama, umezileta vipi huku?"

"Mimi? Mimi rimoti yenyewe naishika kama kaa. Nilikuwa natafuta Kurani."

Akarukia kuizima. Nikamwambia kuzima televisheni si kitu, kufumba macho hakuondoi moshi jikoni. Akashuka mbio, nikasikia mteja anaulizwa arudi kesho, kisha nikasikia waya wa mtandao wa mashine unang'olewa ukutani. Nilipobonyeza tena, kile kisanduku cha studio hakikuwapo. Basi ni kweli, picha zilikuwa zinatoka chini, kwenye mashine yetu isiyoguswa na mwanamume, zinapanda kwenye hewa ya nyumba mpaka kitandani kwa wanaume.

Mwanangu akaja, akasimama nje ya mlango wa studio, mgongo ameuelekeza kwetu, maana kuingia hawezi. Akazungumza na ukuta.

"Mama, nyumba nzima ina kisanduku kimoja cha mtandao. Wageni na studio wanakunywa kisima kimoja. Nna rafiki yangu anaweza kuja sasa hivi akatazama."

"Rafiki yako mwanamume?"

"Ndiyo, mama."

"Basi abaki kuwa rafiki yako."

Mkaza mwanangu alikuwa analia, lakini analia huku anafikiri, na huko ndiko kulia ninakokupenda. Akamkumbuka bibi harusi mmoja wa Bububu, aliyepiga picha kwetu, anayefanya kazi ya kompyuta ofisini, na hatukuwahi kumhesabu fundi. Akampigia. Yule mwanamke akaja baada ya sala ya adhuhuri, kavaa buibui na begi zito begani. Akaniamkia, "Shikamoo, bibi," nikamwitikia marahaba. Akatazama mashine, kisha akatutazama sisi.

"Na mimi nimo humu?"

"Umo," mkaza mwanangu akasema.

Kisha akavua buibui, akapandisha mikono ya gauni. "Haya, nipeni chai. Leo najifanyia kazi yangu mwenyewe."

Nilimwambia anieleze, na asinieleze kama mtoto. Akanieleza. Alisema mashine zikiwa nyumba moja huweza kupeana mafaili, na kuna njia ya kupeana ya zamani sana, ya wakati mashine zilikuwa chache na zinaaminiana. Moja ikisema nipe, nyengine inatoa. Baadaye ikagunduliwa kwamba njia hiyo ina tundu, na wezi wa dunia nzima wanalijua. Mtu akiwa kwenye mtandao ule ule anaweza kupenya bila neno la siri, akaitawala mashine yote, akaiba au akafunga kila kitu. Waliotengeneza wakatoa kiraka cha kuziba.

"Kiraka hicho kimetoka zamani, bibi. Watu wameshakivaa. Hii yenu ipo uchi."

"Kwa nini haikuletewa?"

Akaonyesha pembe ya kioo. Palikuwa na maandishi madogo. "Inaomba kila siku. Kuna mtu anaikataa."

Mkaza mwanangu akainamisha kichwa. "Inakula bando. Ikitokea nabonyeza baadaye."

"Baadaye ya lini?" nikamuuliza.

"Ya… baadaye tu, mama."

Fundi akauacha kwanza ule waya wa mtandao ulivyong'olewa, akazinakili picha zote kwenye diski ya studio, asije akaziba tundu akapoteza kilichomo. Kisha, kwa kimodemu alichokuja nacho begini, akaipa mashine kiraka chake. Si kimoja, vilikuwa vimerundikana vya miaka. Mstari mdogo ukaanza kutambaa kwenye kioo, pole kuliko konokono wa kisimani. Mashine inajizima, inajiwasha, inaanza tena. Nje watu wanapita kwenye kichochoro, sauti zao zinaingia nusu, hazimaliziki. Harufu ya karafuu ilikuwa inatoka sijui nyumba gani. Nilikaa kwenye mkeka na macho yakawa mazito, na wale maharusi wakaanza kupita tena ndani ya kope zangu, sasa wanapanda ngazi, kila mmoja kashika ncha ya kanga ya mwenziwe, hawaangalii nyuma, na mimi nipo chini na kapu langu, nawaita, wao wanadhani nawaomba simu.

"Bibi," fundi akaniamsha. "Kiraka kimeshika."

"Ntahakikisha mwenyewe."

Akairudisha mashine kwenye mtandao wa nyumba, nikapanda. Magoti yananiuma lakini nilipanda. Nikawasha televisheni. Kisanduku cha studio kikatokea. Nikabonyeza. Binti wa Matemwe akajaza ukuta, anacheka kidogo.

"Wapo bado!" nikapiga kelele ngazini. "Umetia kiraka gani wewe, cha karatasi?"

Nikashuka nimekasirika. Fundi alikuwa anatazama mashine, anatikisa kichwa. Akasema, "Kiraka kimeziba tundu la mwizi. Hili si tundu, bibi. Huu ni mlango, na umefunguliwa kutoka ndani. Folda ya picha imeandikwa: kila mtu."

"Nani kaandika?"

Mkaza mwanangu akasema ni yeye. Ile mashine kubwa ya kuchapia albamu, ya zamani, ilikuwa haikubali kuzichukua picha. Akahangaika siku nzima, akabonyeza hiki na kile, mpaka alipobonyeza "kila mtu" ikakubali. Akafurahi, akaacha vile vile. Kila mtu, yeye alidhani ni kila mtu wa studio.

Basi fundi akaufunga mlango. Akaiua ile njia ya zamani. Akaweka neno la siri, akaugawa mtandao, wageni na wao, studio na wake. Nikapanda tena. Safari hii ukuta ulikuwa na Kurani tu, msomaji mwenye sauti ya asali, na hakuna mwengine. Nilikaa pale nikamsikiliza mpaka moyo ukatua.

Niliposhuka nikawakuta wanabishana. Mashine ya albamu imegoma. Yenyewe inajua njia ya zamani tu, na njia imekufa.

"Nifungulie kwa muda," mkaza mwanangu anamwambia fundi. "Nichape albamu ya Matemwe, kisha nnafunga mwenyewe."

"Ukiifungulia mashine hii umewafungulia wote. Chukua picha kwa flashi, uipelekee mkononi."

"Kila picha? Kwa mkono? Ntafika lini?"

"Utafika," nikamwambia, "kwa sababu unatembea."

Nikamuuliza fundi suala nililoliogopa tangu asubuhi. Nani kaona? Akasema hajui. Hapana dalili kwamba mtu kachukua, lakini mashine haikuwekwa kuandika nani kaingia, basi haiwezi kusema. Labda wale vijana walitazama mpira. Labda hawakutazama mpira.

Fundi alipoondoka mkaza mwanangu akaja kunikalia miguuni. "Mama, tumeshafunga. Hapana aliyelalamika. Tukienda kusema tutawasha moto wenyewe. Nani ataleta tena binti yake hapa?"

"Unajua kwamba hapana aliyeona?"

"Sijui."

"Na wao hawajui. Wewe hujui na unajua kwamba hujui. Wao hawana hata hilo. Kesho Matemwe."

Tulifika Matemwe maji yametoka. Bahari ilikuwa imekwenda mbali kabisa, imeacha mchanga unaong'aa, na wanawake wa mwani wanaonekana kule mbali wameinama juu ya kamba zao, wadogo, kama herufi kwenye ukurasa usiokauka. Hapakuwa na sauti. Tulingoja chini ya ukuta mfupi. Mama wa bibi harusi akaja akikua polepole kutoka kwenye mwanga, gunia la mwani kichwani, maji yanamtiririka mabegani.

"Hodi tulishapiga, hukuwapo," nikamwambia.

"Karibuni, wenye mji wao!" Akacheka, akatua gunia. "Mbona mikono mitupu? Albamu iko wapi? Au mjini siku hizi mnakwenda kwa watu na mikono ya kupungia?"

Mkaza mwanangu akataka kuanza, akashindwa. Nikasema mimi. Nilisema yote, kuanzia rimoti mpaka "kila mtu". Sikupunguza. Yule mama alikuwa anautandaza mwani juu ya jamvi, anausambaza kwa vidole, na vidole havikusimama mpaka nilipotaja kitanda cha wageni.

"Nani kaona?"

"Hatujui."

"Hamjui." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Mimi, mama mzazi, ulininyang'anya simu mlangoni. Nikakupa. Nikasema, hawa watu wana stara. Kumbe mwizi mlimngoja mlangoni, na ukuta wa nyuma mmeulaza chini!"

Mtu akikwambia kweli, mwache amalize.

"Mwanangu ntamwambia mimi. Mumewe ataambiwa na mkewe. Msiende nyinyi mkachanganya. Picha mtanipa zote, na zilizobaki kwenu mzifute, yule mwanamke wa Bububu aje aniapie kwamba zimefutwa."

"Itakuwa."

"Na albamu naitaka." Hapo sauti yake ilipungua. Akatazama kule maji yalikokwenda. "Mwanangu alikuwa mzuri siku ile. Hata mimi sikumjua."

"Alikuwa mzuri," mkaza mwanangu akasema, na ndilo neno lake la kwanza.

Tukadhani yamekwisha. Tukainuka. Yule mama akatuita.

"Na wengine je? Wangapi wamekaa kwenye kile kiti chenu? Mmeshawaambia?"

"Hapana," nikasema.

"Basi msijisifu kwamba mmekuja kwangu kwa haki. Mmekuja kwa sababu uso wa mwanangu ndio uliotangulia kwenye kioo. Angetangulia mwengine, mimi ningekuwa naendelea kukusifuni kwa jirani."

Tukashika njia ya kurudi. Mikarafuu ikapita, minazi ikapita, nyumba za Bububu zikapita, zote kama zimechorwa juu ya maji na mtu ameyatikisa. Nilikuwa nawaona wale maharusi mmoja mmoja, na sasa kila mmoja ananitazama kwa macho ya yule mama. Na yule marehemu pia. Yeye ana mama yake, yuko hai, anakaa mtaa wa pili, kila Ijumaa ananiletea mandazi.

Tulipofika nyumbani ilikuwa alasiri, jua limeshuka nusu ya ua. Nilimwita mwanangu, nikamwambia asimame pale, na safari hii uso atuelekeze. Mkaza mwanangu akakaa kwenye ngazi bila kuvua buibui, akasema, "Mama, tukiwaambia wote, studio imekufa."

Nikawaambia:

"Ikifa tutaizika. Kesho mlango wa studio hauguswi, hapigwi mtu picha, haichapwi albamu, na wageni wa juu watafutiwe nyumba nyengine. Tunaanza na mama wa marehemu, kisha mtaa huu, kisha Darajani, kisha mashamba, nyumba kwa nyumba, na atakayesema afutiwe picha atafutiwa mbele yake. Wewe mwanangu utatupeleka, ungoje nje. Wewe mkaza mwanangu utasema kwa kinywa chako, mimi ntakuwa nimekaa ubavuni kwako. Hapana kupiga simu, hapana kutuma ujumbe, hapana baadaye. Nendeni mkatawadhe, mlale, alfajiri nakuamsheni."